Jina Langu Margaret, Jina la Hawe Mbeyu

Mvua ikinyesha Chaani, mtaani kwetu Mombasa, harufu ya kwanza kupanda haikuwa ya udongo, ilikuwa ya majani ya chai. Maghala ya chai yalikuwa nyuma ya mtaa wetu, ng'ambo ya barabara ya malori, na vumbi lake lilitua mwaka mzima juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mwarobaini wa msikitini. Matone ya kwanza yakiangukia mabati, mtaa mzima ulinuka kama birika lililofunuliwa. Baadaye ilifuata harufu ya dizeli, kisha ya mitaro, na mwisho kabisa, mvua ikishakatika, ilikuja harufu ya asumini kutoka uani kwa jirani yetu Bi Zuhura, nyembamba kama uzi. Hata leo nikipitiwa na harufu ya chai kavu, sikumbuki kinywaji. Namkumbuka bibi yangu amelala chali juu ya mkeka, ameyafumba macho, na mimi nimepiga magoti karibu na kichwa chake, kichupa cha dawa mkononi, nikiogopa hata kupumua.

Nilikuwa darasa la nane, nina miaka kumi na mitatu, na ule ulikuwa msimu wa mvua kubwa. Bibi, mama yake baba, aliletwa kwetu kutoka Kaloleni kutibiwa macho. Sisi Wagiriama bibi twamwita Hawe, nami siwezi kumwita vinginevyo hata katika maandishi haya. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari alisema atalitengeneza moja kwanza, apumzike wiki kadhaa, halafu la pili, na katika muda wote huo atiwe matone ya dawa mara nne kwa siku, kisha alale macho yamefumbwa mpaka dawa ikolee. Baba alikuwa fundi bandarini, hutoka alfajiri. Mama alikuwa akiamkia sokoni Kongowea kuchukua mboga za kuuza. Ndugu zangu wawili wa kiume walikuwa wadogo na mikono yao haikujua kutulia. Kazi ya matone ikaniangukia mimi, asubuhi kabla ya shule, mchana nikija kula, alasiri na jioni.

Nilikuwa mtoto wa haya kupita kiasi. Watu walisema nilizaliwa bila sauti, na sikujua wakati huo kwamba maneno hayo yalikuwa karibu sana na ukweli. Dukani niliweza kusimama mpaka wateja watatu walionikuta wakahudumiwa na kuondoka. Bi Zuhura, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu na ambaye alikuwa mtu wa Mombasa tangu mababu, alijaribu kunifundisha adabu za kuitika. "Mtoto wa kike akiitwa huitika abee," alikuwa akiniambia huku akitunga asumini zake kwenye uzi. "Abee yako wewe yasikiwa na sisimizi tu. Haya, tena!" Nami nilikuwa nikisema tena, na sisimizi wakasikia tena, na yeye akacheka mpaka maua yakamwagika mapajani.

Kwa mtu kama mimi kazi ya matone ingekuwa njema, kwa kuwa haina maneno, lakini Hawe alikuwa na jambo na mimi. Hakuwahi hata siku moja kulitamka jina langu. Aliniita "mwana", au "we msichana", au alinyoosha mkono tu akingoja niwe hapo. Mama naye, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Margaret kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza, Hawe alimwita "mke wa Kahindi". Alilisema kwa upole, bila kupandisha sauti, jinsi mtu anavyokwepa dimbwi la maji njiani.

Sababu niliijua, maana nyumba ya vyumba viwili haina siri. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Hawe aliitwa Mbeyu, na mbeyu ni mbegu. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, baba yangu, na binti zake wote walikuwa wameolewa na kuzaa watoto walioitwa kwa majina ya upande wa waume zao. Mimi ndiye niliyetazamiwa kulibeba jina lake, na badala yake nikaitwa Margaret, jina la nesi mmoja aliyekuwepo siku ya kuzaliwa kwangu. Hayo ndiyo aliyoambiwa Hawe, hayo tu, na aliyapokea kama mtu aliyenyimwa kiti nyumbani kwa mwanawe. Jioni moja nilimsikia akimwambia baba maneno ambayo sijayasahau. "Siku nikifa, akitokea mtu akaita Mbeyu, nani ataitika?"

Mimi mwenyewe sikulipenda jina langu. Darasani kulikuwa na kina Rehema, Zawadi, Salama na Mapenzi, majina ambayo ukiyasikia unajua mzazi alikuwa anafikiri nini. Langu lilikuwa sauti tu. "Margaret ni jina la mabibi wa kwaya," alisema Rita, msichana aliyekaa dawati la nyuma yangu na ambaye ulimi wake haukuwa na breki. "Margaret ni mtu mwenye miwani na mkoba mkubwa. Wewe mkoba wako uko wapi, Bi Margaret?" Darasa likacheka. Niliinamisha kichwa, nikachora mstari kwenye daftari, nikaurudia mpaka karatasi ikatoboka.

Basi ikaja fomu ya mtihani. Kila mwanafunzi alipewa ya kwake aipeleke nyumbani, mzazi aandike majina kamili, irudi Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu. Baba aliishika kwa ncha za vidole, maana mikono yake ilikuwa bado na grisi.

"Jina litakaloandikwa hapa ndilo litakaloingia kwenye cheti," alisema. "Likishakwenda limekwenda."

"Basi liandike la haki," alisema Hawe kutoka mkekani.

Baba alimtazama mama. Mama alikuwa kwenye kibao cha mbuzi, anachambua mchicha, akazidi kuinama. "Tunaweza kuyatia yote mawili, mama," baba alisema. "Margaret, halafu Mbeyu."

"Jina langu si kiraka, Kahindi. Halishonwi nyuma ya nguo ya mtu mwingine. Kama ni langu, litangulie peke yake. Kama si langu, niacheni nife nalo."

Baba alishusha pumzi ndefu. Alikuwa amevumilia ugomvi huu usio na kelele kwa miaka kumi na mitatu, na nadhani alichoka. "Ijumaa nitaandika Mbeyu Kahindi," alisema. "Hilo la nesi litabaki la ubatizo, huko huko kanisani."

Mama aliendelea kuchambua mchicha. Lakini nilipotazama karai lake, niliona alikuwa anatupa majani na kuweka vijiti.

Sitasema uongo, mwanzoni nilifurahi. Nilimwona Rita akikosa la kusema. Kisha nilitazama tena lile karai, nikaona haya kufurahi. Kesho yake alasiri nilipomaliza matone nilikwenda kwa Bi Zuhura kumsaidia kuchuma asumini, maana huchumwa ikiwa bado imefumba. Alinitazama mara moja tu. "Leo umenuna hata maua yataka kulia. Una nini?" Nikamweleza kwa vipande vipande, sauti chini. Alisikiliza bila kuacha kutunga.

"Na hilo jina unalotaka kulitupa, wajua maana yake?"

"Sijui."

"Wallahi! Miaka kumi na mitatu wabeba mzigo na hujaufungua ukaona ndani mna nini! Jina si ganda la ndizi, mwanangu. Kaulize kwanza. Kuuliza si ujinga."

Kuuliza si ujinga, lakini kwangu kuuliza kulikuwa sawa na kupanda mnazi. Jumatano asubuhi nilisimama kando ya mlango wa chumba cha walimu wakati wote wa mapumziko. Mwalimu Wekesa, aliyetufundisha Kiingereza, alikuwa anakunywa chai na kusahihisha. Mwishowe alisema bila kuinua kichwa, "Naona kivuli mlangoni. Kina jina?"

"Margaret."

"Kivuli, rudia."

"Margaret, mwalimu. Nataka kujua maana yake."

Aliweka kalamu chini. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa amefurahi. Alivuta mtoto wa meza, akaondoa chaki na vifutio, akatoa kitabu kikuukuu kisicho na jalada, kinanuka ukungu, chenye orodha ya majina ya Kiingereza na asili zake. Akafuata mistari kwa kidole. Kisha akanieleza taratibu, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyosahau kwamba nina miguu.

Margaret, alisema, ni lulu. Waingereza hawakulibuni wao. Wagiriki wa kale waliita lulu margarites, na wapo wataalamu wanaosema kwamba hata Wagiriki walilipokea neno hilo kutoka mashariki, pengine Uajemi, pengine Bara Hindi, kutoka kwa watu waliowaletea lulu zenyewe. Neno lilisafiri pamoja na mzigo. Kutoka kwa Wagiriki likaingia Kilatini, kutoka Kilatini likafika kwa Wafaransa, na huko wakaliita hata ua moja dogo lenye petali nyeupe na moyo wa manjano. Likavuka bahari kwenda Uingereza na Uskochi, wakalichukua malkia na wakalichukua watumishi wa jikoni, kila mtu akalikata kwa urefu wa ulimi wake. Maggie ni hilo hilo. Meg ni hilo. Hata Peggy, ambalo halifanani nalo hata kidogo, ni hilo. Greta ni kipande chake kwa Wajerumani, na Rita ni mkia wa Margarita, jinsi wanavyolitamka Wahispania na Wataliano.

"Rita?" nilisema, na kwa mara ya kwanza sauti yangu ilijaa chumba cha walimu.

"Rita, ndiyo. Na sikia hili. Neno la Kiarabu lililotupa sisi marijani, lile jiwe jekundu la baharini, wapo wanaosema nalo lilichipuka kwenye shina hilo hilo. Wengine wanabisha. Hayo mambo ni ya zamani mno, hakuna aliyekuwepo." Akafunga kitabu. "Sasa nenda darasani, lulu. Kengele imelia kitambo."

Nilitoka nje na jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Juu ya ukuta wa shule yalionekana makontena yaliyopangwa, mekundu na ya buluu, yenye maandishi ya nchi nisizozijua. Nilikuwa nimeyaona maisha yangu yote bila kuyatazama. Siku hiyo niliyatazama. Nilifikiri kwamba jina langu nalo lilipita hivyo hivyo, likapakiwa na kupakuliwa, likasemwa na watu wenye kila rangi, waliozaliwa na kufa kabla ya Mombasa kuwa na barabara. Lilipita mabara na bahari mpaka likaja kuandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kadi ya kliniki, Chaani, kwa mtoto ambaye haitiki akasikika. Nilisikia mwili wangu ukisisimka kama mtu aliyeguswa na maji baridi. Sikujua kwamba mtu maskini anaweza kuwa na kitu cha kale namna hiyo.

Rita sikuweza kumwambia kwa mdomo. Nilimwandikia kikaratasi: Jina lako ni kipande cha langu, kamuulize mwalimu. Alikwenda, kwa ubishi wake. Alirudi, akakaa, na baada ya muda akanigusa bega. "Mama," alisema, "nipe kifutio." Tangu siku hiyo mpaka tulipomaliza shule aliniita mama, na mimi sikukasirika hata siku moja.

Alasiri nilikimbilia kwa Bi Zuhura. Nilipofika kwenye habari ya marijani, sindano yake ilisimama.

"Sema tena."

"Mwalimu alisema labda Margaret na marijani ni shina moja. Labda."

"Baba yangu mzazi, Mungu amrehemu, akiitwa Marijani!" Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni kana kwamba ndiyo kwanza naingia. Huku pwani watu wawili wenye jina moja huitana somo, na huwekeana heshima na utani kama ndugu wa damu. Bi Zuhura, mwanamke wa miaka sabini na zaidi, akasimama, akakunja mikono kifuani, akainama mbele yangu. "Kumbe wewe ni somo wa baba yangu! Nami nakutuma maji kila siku. Nisamehe. Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikajibu, kwa sauti kubwa, kabla sijakumbuka kuona haya. Tulicheka mpaka tukashikana mikono.

Kisha akaingia ndani, akatoka na pete ya fedha iliyochakaa, ya mama yake, yenye lulu ndogo kama punje ya mtama. Alinitilia kiganjani. Nilidhani lulu hung'aa kama kioo, lakini ile haikung'aa hivyo. Ilikuwa na mwanga uliotulia ndani kwa ndani, kama mwezi nyuma ya wingu jepesi. "Chaza huingiwa na chembe," alinieleza, "ya mchanga au ya taka, ikamkera. Hana mkono wa kuitoa. Basi huifunika kwa ute wake, akaifunika tena, akaifunika tena, hata ikawa hii."

"Na ile chembe?"

"Imo. Itoke iende wapi? Bila hiyo hapana lulu."

Jioni ile, Hawe amelala, nilimfuata mama uani alipokuwa akiosha vyombo, nikamuuliza kwa nini aliniita Margaret. Alitazama mlango kwanza. Kisha akanisimulia kwa sauti ya chini, mikono ikiwa majini, na kila alipofika pagumu alisugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Ilikuwa adhuhuri ya mvua kama zile. Njia ya kushukia barabara kuu ilikuwa mto, hakuna gari lililothubutu, na baba alikuwa kazini. Chumba cha tatu kutoka chetu alipanga nesi, mtu wa bara, mrefu na mwenye maneno machache, jina lake Margaret. Nilikuja nimetanguliza miguu. Saa zilipita. Ili mama asizimie, nesi alimsimulia habari inayosimuliwa na wazee wa kanisa, ya binti wa zamani sana aliyeitwa Margaret, aliyemezwa na joka mzima mzima, naye akatoka tumboni mwa joka akiwa hai. Kwa sababu hiyo, kwa mamia ya miaka, wanawake wa Ulaya waliokuwa na uchungu wa kuzaa walimwomba huyo binti awaombee. Na nesi alikuwa akiinama na kuniambia mimi niliyekuwa ndani, "Toka, mtoto. Toka kama Margaret." Nikatoka, nimenyamaza, mwili una rangi ya samawati. Nesi alinigeuza, akanisugua mgongo, akanipulizia pumzi yake mdomoni. Mama akaapa kimoyomoyo kwamba nikilia ataniita kwa jina la mikono ile. Nililia, sauti ndogo kama ya paka aliyefungiwa nje. Mwaka uliofuata nesi alihamishwa, nao hawakuonana tena.

"Mbona hukumwambia Hawe?"

Mama alinitazama kama nimemuuliza kwa nini hatembei uchi. "Nimwambieje mama wa mume wangu mambo ya tumbo langu? Mimi nililelewa Taita. Mama mkwe humtazami machoni, sembuse kumhadithia uchungu. Nilimwambia baba yako nesi ametusaidia, hakuuliza zaidi. Wanaume hawaulizi." Kisha akasema polepole, "Nilimheshimu kwa kunyamaza. Naye alidhani nimemdharau."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, nami usiku ule sikulala vizuri kwa huo mshindo. Niliona watu wawili niliowapenda wamekaa miaka kumi na mitatu kila mmoja upande wake wa ukuta, na ukuta wenyewe umejengwa kwa adabu. Mama asingesema kamwe. Baba hakujua. Aliyebaki ni mimi, niliyeshindwa kuomba chumvi dukani.

Alhamisi, saa tisa alasiri, mvua ilianza tena. Harufu ya chai ikaingia dirishani. Hawe alilala mkekani, akainua kidevu, nikamvuta chini kope, nikatia tone moja, la pili kwenye jicho jingine. Akafumba macho. "Haya, mwana," alisema, maana yake niondoke. Sikuondoka. Niliutazama uso ule wenye mikunjo, usionitazama, na ndipo nilipotambua jambo ambalo sikuwa nimelifikiri wiki zote hizo. Kwa mtu wa haya, macho yaliyofumbwa ni mlango uliofunguliwa.

"Hawe," nilisema, "nataka kukuambia siku niliyozaliwa."

Nikaendelea ili nisiweze kurudi nyuma. Nilimwambia habari ya njia iliyogeuka mto. Nilimwambia habari ya miguu. Nilimwambia habari ya binti na joka, ya pumzi ya nesi, ya nadhiri, na ya mama kusugua sufuria iliyo safi. Nilimwambia kwamba jina ni lulu, limetoka mbali kuliko meli zote za bandarini, na kwamba katikati ya kila lulu mna chembe ndogo mfano wa mbegu, haionekani, lakini ikikosekana hapana lulu. Mabati yalikuwa yakipigwa na mvua, ikanibidi nipaze sauti. Nilipomaliza nilikifunga kichupa cha dawa.

Kwenye pembe za macho ya Hawe maji yalianza kushuka, yakaingia masikioni.

"Usilie, Hawe, dawa itatoka."

"Itatoka. Utatia tena." Kisha akaita kwa sauti iliyoshinda mvua, "Mama Magareti!"

Nadhani mama alidhani ni jirani. "Mama Magareti!" Hapo mama alitokea mlangoni, mwiko mkononi, unga umemganda vidoleni. "Abee, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa kama yangu, ya sisimizi.

"Mbona hukuniambia?"

Mama alinitazama, akaelewa. "Niliona haya, mama."

"Haya!" alisema Hawe. "Haya zimetula miaka kumi na mitatu." Akanyoosha mkono hewani, macho yamefumbwa bado, akiutafuta mkono wa mama, mwiko na unga pamoja, mpaka akaupata.

Ijumaa alfajiri, kabla hajatoka, baba alikaa mezani na kalamu. Hawe alikuwa ameketi, jicho lake moja zuri limenielekea. "Andika Magareti," alisema.

Baba aligeuka. "Na Mbeyu, mama?"

"Mbegu haikai juu ya shamba ikaonwa na kuku. Itie ndani."

Baba aliandika kwa herufi kubwa, polepole, akiegemea mkono wa kushoto: Margaret Mbeyu Kahindi. Nilisimama nyuma yake nikaona lile jina fupi likikaa katikati ya mawili marefu, limefunikwa pande zote mbili. Tangu siku ile Hawe aliniita somo. Alipopona jicho la pili alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama kwa muda mrefu, akasema sikuwa mbaya kama sauti yangu.

Ni miaka mingi sasa. Sikuendelea na shule baada ya darasa la nane, lakini jina lile lile la kwenye cheti ndilo lililo kwenye kitambulisho changu. Nafanya kazi kwa fundi cherehani hapa Changamwe, na kazi yangu ni kutarizi majina ya watoto kwenye sweta za shule. Mwezi wa Januari hushona majina mpaka nayaona nikifumba macho. Huja Blessing, huja Trevor, huja Hamisi na Mwanaisha, na huja mengine ambayo hata mzazi huyaandika kwenye karatasi kwa kusitasita. Bado ni mtu wa haya, lakini swali moja sioni haya kuliuliza: maana yake nini? Wengi husema ni zuri tu, au waliliona kwenye simu. Simu kweli ina majibu. Siku moja niliandika Margaret, na kabla sijainua kidole ikaniambia lulu, Kigiriki, bila mimi kusimama mlangoni kwa mtu yeyote. Nilistaajabu, kisha nikaona upungufu. Ilijua neno. Haikujua mvua, wala pete ya Bi Zuhura, wala mtu aliyenipulizia pumzi yake. Majina yamekuwa mepesi kuyafungua siku hizi, na pengine ndiyo sababu watu hawayafungui.

Hawe alifariki mwaka jana, mvua zilipoanza. Tulimpeleka Kaloleni, kwake. Nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake, tunamenya viazi vya waombolezaji, watu wengi, moshi mwingi. Shangazi mkubwa, aliyekuwa ametoka mbali na hakuwahi kumwona mama yake kabla hajafa, ndiye aliyefika mwisho. Kama ilivyo kwetu, alianza kulia tangu njiani akimwita marehemu kwa jina. "Mbeyu!" tulimsikia. "Mbeyu wee! Mbeyu!"

"Abee!" niliitika.

Sikukusudia. Ilinitoka tu, kubwa, ikapita moshi na nyumba na uwanja. Visu vilisimama. Nilikaa na kiazi mkononi nikiona uso unawaka. Shangazi alitokea pembeni mwa nyumba, leso imemwanguka begani, machozi hayajakauka. Alinitafuta kati ya wanawake wote wale mpaka akanipata.

"Kumbe upo," alisema.